Askari Anayejua Kushika Hana Haja ya Kupiga

Mheshimiwa mwenyekiti, makamanda, wakufunzi, askari mliovaa sare na mliokuja kiraia, ndugu zangu wa mashirika ya haki za binadamu, na wananchi wote mliojitokeza: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nijibu swali moja. Je, askari polisi waongezewe mafunzo ya kupambana kwa mikono mitupu? Mimi ni mwalimu wa judo, na wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo mnayo haki ya kunisikiliza kwa mashaka. Jibu langu ni ndiyo, waongezewe. Lakini ninachoomba ni mafunzo ya kushika: kumshika mtu asiyetaka kushikwa, kumlaza chini bila kumvunja, kumfunga pingu, na kumwinua akiwa mzima. Mafunzo ya ngumi na mateke siyaombi, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ukamataji wenyewe, maana wengi wetu tunaujua kwa sinema tu. Kwenye sinema mhalifu anarusha ngumi, askari anaikinga, mambo yanakwisha. Kazini mtu anayekataa kukamatwa mara nyingi hapigani hata kidogo. Anakaza mikono. Anaikunja kifuani, au anailalia. Anang'ang'ania nguzo, mlango, usukani. Pengine amelewa, pengine anaumwa akili na haelewi anachoambiwa, pengine ni hofu tu. Askari wawili wanamwangukia, kila mmoja na mkono wake, kila mmoja anavuta upande wake, na wote wawili wanapaza sauti: "Lete mkono! Lete mkono!" Mkono hauji kwa sababu mmoja wao ameukalia. Halafu kwenye ripoti inaandikwa kwamba mtuhumiwa alikaidi amri.

Hapo ndipo pumzi inapoanza kukatika. Mtu asiyezoea mieleka akikamatana na mwenzake kwa nguvu zote, haichukui muda anahema. Moyo unakwenda mbio, vidole vinatetemeka, na pingu ambayo darasani ilifungwa kwa sekunde chache sasa haitaki kuingia. Na kuna jambo moja ambalo raia hulisahau. Katika kila purukushani kati ya askari mwenye bastola na mtu asiye na kitu, silaha ipo, nayo iko kiunoni mwa askari. Yeye analijua hilo. Anajua akizidiwa, bastola ile inaweza kubadilisha mkono. Kwa hiyo anapoanza kuchoka, hofu yake haihusu aibu ya kushindwa mbele za watu. Anahofia maisha yake.

Sasa mtu mwenye hofu, aliyeishiwa pumzi, asiye na ufundi mwingine, atafanya nini? Atapiga rungu. Atakaba shingo. Atamlalia mtu mgongoni na kuwaita wenzake nao wamlalie. Au atachomoa silaha. Haya manne ndiyo yaliyobaki mezani pake. Tukimnyang'anya moja bila kumpa kingine, atahamia kwenye lililo jirani.

Historia ya Los Angeles inaonyesha hivyo waziwazi kuliko ninavyoweza kueleza mimi. Miaka ya 1970 polisi wa mji ule walitumia sana kabali. Kuanzia mwaka 1975 hadi shauri la Lyons, mtu aliyekabwa na polisi hao akawashtaki, lilipoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1983, watu wasiopungua 16 walikuwa wamekufa baada ya kukabwa na polisi wa Los Angeles, na 12 kati yao walikuwa wanaume weusi. Hesabu hiyo iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall, aliyepinga uamuzi wa wenzake. Kelele zilikuwa zimeshapanda kiasi kwamba mwaka 1982 kabali iliwekewa mipaka mikali. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na mimi ningeuunga mkono kwa mikono miwili. Ila askari wa doria aliondolewa kabali akaachiwa nini? Aliachiwa rungu. Dunia nzima iliona kwenye mkanda wa video jinsi Rodney King, dereva mweusi, alivyopigwa na polisi wa mji uleule usiku wa tarehe 3 Machi 1991, virungu zaidi ya mara 50 akiwa chini, huku askari wengi wakiwa wamesimama pale. Kikundi kile kilikuwa na watu wa kutosha kabisa kumshika kila kiungo na kumfunga pingu bila kumpiga hata mara moja.

Naomba nisieleweke vibaya. Simtetei mtu. Pale palikuwa na ubaguzi na palikuwa na ukatili, na hivyo haviponi kwa judo. Ninachosema ni kwamba marufuku peke yake haitoshi. New York walipiga marufuku kabali mwaka 1993. Mwaka 2014, miaka 21 baadaye, askari wa jiji hilohilo walikwenda kumkamata Eric Garner kwa tuhuma ya kuuza sigara moja moja mtaani. Hakurusha ngumi. Aliondoa mikono yake, akasema asiguswe. Mkono wa askari ukaenda moja kwa moja shingoni. Daktari aliyechunguza maiti alitaja kubanwa kwa shingo na kifua, pamoja na kulazwa kifudifudi. Marufuku ilikuwa kwenye vitabu, lakini mikono ya yule askari haikuwa na mazoea mengine.

Mazoea hayo yatatoka wapi? Tuangalie ratiba. Nchini Marekani, takwimu za serikali za mwaka 2018 zilionyesha kuwa mafunzo ya awali ya polisi yalikuwa na wastani wa saa 833. Kati ya hizo, saa 70 na kitu zilikuwa za bunduki, na saa 60 hivi za mbinu za kujihami. Saa 60 ni kozi ya wiki moja na nusu. Sehemu nyingine kuruta hutumia muda mrefu zaidi kwenye kwata kuliko kwenye mkeka. Mimi sina ugomvi na gwaride, linapendeza. Ila sijawahi kusikia mtuhumiwa aliyesalimu amri kwa sababu askari amegeuka nyuma vizuri.

Na hizo saa 60 ndizo za mwanzo na, kwa wengi, ndizo za mwisho. Bunduki askari huitwa uwanjani akalenge shabaha kila mwaka, na akishindwa hukaa pembeni mpaka afaulu. Mikono yake, anayoitumia kazini mara nyingi kuliko bunduki, hakuna anayeipima. Ufundi wa mwili unayeyuka. Wanafunzi wangu wakikosa mazoezi miezi michache huwa wanakumbuka majina ya mitupo na wamesahau miguu iwekwe wapi. Askari aliyehitimu miaka kumi iliyopita, akakaa kwenye gari na ofisini, kitambi kikatangulia, huyo tunamtuma usiku akakamatane na kijana wa miaka ishirini.

Watafiti wa Uholanzi walilichunguza jambo hili kwa askari wenyewe, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Waliwapa askari mazoezi ya ukamataji na kujihami, mara moja katika utulivu, mara nyingine wakiwa wametiwa hofu. Waliokuwa wanafanya sanaa za mapigano kwa muda wao binafsi walifanya vizuri zaidi chini ya hofu kuliko waliotegemea mafunzo ya kazini peke yake, ingawa hata wao hofu iliwashusha kiwango.

Lakini saa nyingi peke yake si dawa. Kuna mafunzo na kuna maigizo. Maigizo ni haya: mkufunzi anasema mshike mwenzako kiwiko, zungusha, mlaze. Mwenzako analegea, anajilaza mwenyewe, watu wanapiga makofi, cheti kinatolewa. Ukienda mtaani unakutana na mtu ambaye hakuhudhuria kozi, hajui kwamba inampasa kulegea.

Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliyefungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, alilitatua tatizo hili. Alichukua jujutsu ya zamani, akaziweka kando kwenye mazoezi huru zile mbinu zinazovunja na kuua, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kushindania kwa nguvu zote na kesho yake warudi tena mkekani. Wengi walidhani amelainisha sanaa ya kivita. Kumbe watu wake walikuwa hodari zaidi, kwa sababu kila siku walikuwa wanajaribu ufundi wao kwa mtu anayekataa. Huwezi kufanya mazoezi ya kumpiga mtu kichwani kwa nguvu zote kila siku. Utabaki bila wenzako. Kumshika unaweza. Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuchagua kushika badala ya ngumi, nayo haihusu huruma. Ni sababu ya kiufundi tu. Polisi wa Japani hadi leo hufundishwa judo au kendo, mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi, pamoja na taiho-jutsu, mbinu zao za ukamataji.

Sababu ya pili inahusu kuachia. Mkekani ukibanwa sana unagonga mara mbili, na aliyekushika anaachia papo hapo. Asiyeachia hafundishiki, tunamtoa. Mtu aliyekulia katika mazoezi ya namna hii hujifunza kusoma mwili wa mwenzake kwa ngozi yake: sasa anakinza, sasa amechoka, sasa hapati hewa. Mtaani mtuhumiwa aliyefungwa pingu hana mkono wa kugongea. Anabaki na sauti. Garner alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua.

Hapa nafika kwenye pingamizi zito, na wanaolitoa wako ukumbini. Wanasema: watu wetu wanapigwa na polisi tayari, nanyi mnataka kuwaongezea ujuzi wa kupiga? Mnamnoa nani? Nawaelewa. Mtu aliyewahi kupigwa mateke akiwa mahabusu akisikia "mafunzo ya mapambano" mgongo unamkumbusha. Jibu langu ni kwamba anayempiga mtu aliyekwisha kufungwa pingu hakupungukiwa na ufundi. Huyo ni wa mahakamani. Mkeka haumrekebishi, na kamanda anayempeleka kwenye kozi badala ya kumfungulia mashtaka anamficha. Mafunzo ninayoyazungumzia ni kwa ajili ya yule mwingine, askari wa kawaida ambaye hakutoka nyumbani akitaka kuumiza mtu, akaumiza kwa sababu alishikwa na hofu na hakujua la kufanya.

Hata hivyo tuchukue Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, kwa sababu inaonekana kama inanipinga. George Floyd alikuwa amefungwa pingu. Alikuwa chini, kifudifudi. Askari watatu walikuwa juu yake. Kwa kipimo cha kumdhibiti mtu, kazi ilikuwa imekwisha. Derek Chauvin, askari wa miaka 19 kazini, aliweka goti lake shingoni mwa Floyd na kuliacha pale kwa dakika 9 na sekunde 29. Mtu akiniambia kwamba Chauvin alihitaji masomo zaidi ya kuangusha watu, nitamwambia hajaielewa kesi.

Kilichokosekana pale ni hatua ya mwisho ya ukamataji, ile inayofundishwa kwa haraka dakika tano kabla ya chakula cha mchana. Nayo haikuwa siri. Mwaka 1995 Wizara ya Sheria ya Marekani ilisambaza waraka kwa polisi kuhusu vifo vya ghafla vya watu waliolazwa kifudifudi, na ushauri wake mkuu ulikuwa mwepesi: ukishamfunga pingu, mtoe tumboni. Mgeuze ubavu au mkalishe. Waraka ule ulikuwa na umri wa miaka 25 Floyd alipokufa. Askari mmoja mgeni kazini aliukumbuka. Aliuliza zaidi ya mara moja kama wamgeuze ubavu, mkubwa akakataa, naye hakwenda mbali zaidi ya kuuliza. Na kando ya barabara alikuwepo raia mmoja, mwanamichezo wa mapigano, aliyewapigia kelele kwamba kile ni kabali. Alikitambua kwa macho kwa sababu alikifanyia mazoezi. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo eneo lile, tena mara mbili, ila haukuwa na mamlaka.

Ndiyo maana nasema fundisho la kugeuza ubavu na fundisho la kumzuia mwenzako ni fundisho moja, na lifanyike mkekani, siyo kwenye mhadhara. New Orleans mwaka 2016 walianzisha mpango uitwao EPIC wa kuwafundisha askari kuingilia kati mwenzao anapovuka mpaka, bila kujali cheo. Unafanyika kwa mazoezi, kwa sababu kumwambia sajini wako "afande, nachukua nafasi yako" ni kitendo cha mwili kama kitendo kingine. Usipokisema mdomo wako ukazoea, siku ya siku utasema kwa sauti ya kuuliza, kama alivyouliza yule askari mgeni, na utakubali kukataliwa. Mimi ningeweka sharti kwamba hakuna zoezi la kulaza mtu chini linalokwisha kabla mmoja hajasema kwa sauti "pingu zimefungwa," mwingine akamgeuza ubavu, na wa tatu akamuuliza hali. Lirudiwe hivyo hivyo, mpaka kumwacha mtu kifudifudi kuonekane kama kazi iliyoachwa nusu. Na kila kuruta alazwe yeye, pingu mgongoni, uzito wa mwenzake juu yake, kwa sekunde chache, mkufunzi akiwa karibu. Maelezo yangu yote hayafikii sekunde hizo.

Kuhusu mbinu za kuagiza, nina neno la tahadhari. Kila mwaka hujitokeza mtu na mfumo mpya, fulana nyeusi na jina kali, umetoka kikosi maalumu cha jeshi fulani. Ulizeni umetengenezwa kwa kazi gani. William Fairbairn alijiunga na polisi wa Shanghai mwaka 1907, akajenga mfumo wa kupambana kwa ajili ya askari wa mitaa hatari ya mji ule. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Uingereza ilimtumia kuwafundisha makomando kuua kimyakimya. Mwalimu alikuwa yuleyule. Kazi ilibadilika, na mafunzo yakabadilika nayo. Komando hahitaji mtu wake afike mahakamani. Askari polisi anamhitaji.

Kuna mji mmoja unaotajwa sana katika mjadala huu: Marietta, jimbo la Georgia. Mwaka 2019 idara ya polisi ya pale iliwaamuru makuruta wafanye jiujitsu ya Kibrazili, sanaa ya kushikana chini, kila wiki, na askari wa zamani wakaruhusiwa kwa hiari. Idara ilitangaza kwamba majeraha ya askari katika matukio ya nguvu yalipungua kwa asilimia 48, na matumizi ya bunduki za umeme kwa asilimia 23. Ninazipenda namba hizo, na kwa sababu ninazipenda nazitilia shaka. Idara ni ndogo. Ilijihesabia yenyewe. Wanaojiandikisha kwa hiari huenda tangu mwanzo ni watu watulivu na wenye afya kuliko wenzao. Nazichukua kama sababu ya kujaribu. Ushahidi kamili bado.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ninauona Louisville, jimbo la Kentucky, ambako watafiti wa nje walipima mafunzo ya kutuliza hali kwa maneno, umbali na muda, yaitwayo ICAT. Matumizi ya nguvu yalipungua kwa asilimia 28, majeraha ya raia kwa asilimia 26, na ya askari kwa asilimia 36. Mtu atasema: basi tufundishe maneno, tuachane na mieleka. Mimi nauliza maneno matulivu yanatoka kwa nani. Mtu anayeamini kwamba akisogelewa hatua moja zaidi ataumia, hawezi kusema polepole. Nimeona vijana wanaokuja mkekani wakiwa na maneno makali, na baada ya mwaka wa kuangushwa na kuangusha wanakuwa wagumu kuchokozeka. Askari anayejua mwilini mwake kwamba mambo yakiharibika ataweza kushika, anaweza kumudu kungoja dakika nyingine tano akiongea.

Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inazitaka serikali ziwape polisi njia mbalimbali ili nguvu ipimwe kulingana na hali. Kila ninaposoma bajeti, naona njia hizo zinatafsiriwa kuwa vifaa: dawa za kupuliza, umeme, risasi za mpira. Mikono haina mzabuni.

Mtaniuliza kuhusu askari wanawake na askari wadogo wa umbo. Hao ndio wanaofaidika zaidi. Ufundi wa kushika ulibuniwa kwa ajili ya mdogo dhidi ya mkubwa. Mtaniuliza kuhusu majeraha mazoezini. Yapo: vidole, magoti, mabega. Yanapungua mkufunzi akiwa mtu mzima wa akili na mashindano ya ubabe yakikatazwa.

Gharama halisi ni muda. Ninaomba saa mbili kila wiki, ndani ya zamu, kwa kila askari anayetoka nje ya kituo, tangu kuruta mpaka sajini, kwa muda wote wa utumishi wake. Ndani ya zamu, nasisitiza. Mkiziweka baada ya kazi watakuja walewale wanaopenda, na mnayemhitaji atakuwa nyumbani. Anzeni na kituo kimoja. Kabla ya kuanza, wekeni kwenye karatasi idadi ya raia walioumia wakikamatwa, askari walioumia, na mara ambazo silaha zilichomolewa. Baada ya mwaka hesabuni tena, na anayehesabu asiwe polisi, wala asiwe mwalimu wa judo. Namba zikija mbaya, zitangazwe hivyohivyo, nami mniite hapa nijibu.

Naona mikono imeshainuliwa kule nyuma, na yule afande wa mstari wa pili amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja gwaride. Tuanze na yeye.